Kampuni Haitengenezi Ngazi

Mgeni wa mpangaji anashuka ngazi saa nne usiku. Taa ya pale juu imeungua. Anashika reli, reli inang'oka pamoja na kipande cha lipu, naye anaporomoka mpaka chini na kuvunjika nyonga. Wiki tatu kabla ya hapo mpangaji alikuwa amemwandikia mwenye nyumba ujumbe kwamba reli inacheza, na mwenye nyumba akajibu: "Sawa, nitamtuma fundi." Fundi hakutumwa. Mwaka haujaisha, hati ya madai inafika, na ndani yake wametajwa wadaiwa wawili. Wa kwanza ni kampuni inayomiliki nyumba, ile ambayo mwenye nyumba aliiandikisha pamoja na dada yake. Wa pili ni yeye mwenyewe, kwa jina lake kamili.

Mkasa huu nimeutunga, ila hauna kitu kigeni kwa yeyote aliyewahi kukaa mahakamani asubuhi moja akisikiliza kesi za fidia. Kinachonivuta ni mshangao wa huyu bwana. Alilipa wakili, akasajili kampuni, akahamishia hati miliki huko, na akaambiwa kwamba tangu siku hiyo nyumba anayoishi, akiba yake na gari lake haviguswi. Sasa jina lake linafanya nini kwenye karatasi za mahakama?

Liko pale linapopaswa kuwa. Ujumbe ule wa maneno matatu aliuandika yeye. Kampuni haina simu.

Imeenea imani miongoni mwa wanaoanza kupangisha kwamba kulinda mali ni kazi ya karatasi: ukishapata usajili sahihi, umekwisha jikinga. Mimi naona mambo yamepinduliwa. Usajili una faida yake, na nitaitaja, lakini uliundwa kuzuia aina fulani ya hasara, nayo si ile inayomfika mara nyingi mwenye nyumba mbili tatu anayezisimamia mwenyewe. Kuelewa hilo inabidi kurudi nyuma kidogo, kwenye viatu na teksi.

Uingereza ilipitisha sheria ya dhima yenye kikomo mwaka 1855. Wazo lilikuwa jepesi: aliyeweka fedha katika kampuni apoteze fedha alizoweka, asifuatwe nyumbani kwake kwa madeni yaliyobaki. Lakini ilichukua miaka zaidi ya 40 mpaka ikajulikana kwa hakika kwamba hata kampuni ya mtu mmoja na familia yake inapata kinga hiyo. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa buti London. Aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda yeye mwenyewe, wanahisa wakiwa yeye, mkewe na watoto wao watano, na kati ya hisa 20,007 zake zilikuwa 20,001. Biashara ikaanguka, na mfilisi akataka Salomon ayabebe madeni, kwa hoja kwamba kampuni ile ilikuwa kivuli chake tu. Mahakama mbili zilikubaliana na mfilisi. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikazipindua zote mbili: kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, na deni lake si deni la Salomon.

Kesi ya pili ni ya New York, mwaka 1966. Mtembea kwa miguu aitwaye Walkovszky aligongwa na teksi. Alipotafuta wa kumlipa, akakuta teksi ile ni mali ya kampuni yenye teksi mbili tu, zenye bima ya kiwango cha chini kilichotakiwa na sheria, dola 10,000. Nyuma ya kampuni hiyo alikuwepo mtu aitwaye Carlton, mwenye hisa katika kampuni kumi za namna hiyo hiyo, kila moja na teksi zake mbili. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilikataa kumfuata Carlton kwa sababu tu aligawanya magari yake vipande vipande na kukata bima ndogo. Walioandika maoni ya kupinga hawakufurahi hata kidogo, na binafsi nawaelewa. Aliyeumia, hata hivyo, aliruhusiwa kurekebisha madai yake, na madai mapya, kwamba Carlton aliendesha zile kampuni kama mfuko wake binafsi, yakapokelewa.

Washauri wa uwekezaji huzisimulia kesi kama hizi kwa furaha, hasa ile ya teksi, maana inafanana sana na ushauri wa kila nyumba na kampuni yake. Wanachoruka ni jambo lililo wazi katika zote mbili. Salomon alikuwa anadaiwa madeni ya biashara, hakumuumiza mtu. Carlton hakuwa kwenye usukani. Aliyeendesha gari lile ni dereva, naye dereva alishtakiwa kwa jina lake mwenyewe, wala hakuna mahakama iliyomwambia aende nyumbani kwa kuwa alikuwa kazini kwa kampuni.

Hapo ndipo penye kiini. Katika mifumo mingi ya sheria duniani, anayefanya uzembe kwa mkono wake anauwajibikia, awe mwajiriwa, mkurugenzi au mwenye hisa zote. Kampuni inaongezwa juu yake kama mdaiwa wa pili, haimfuti yeye. Mwenye nyumba anayepokea simu za wapangaji, anayechagua fundi, anayeamua kwamba bomba lisubiri mwezi ujao, yeye ndiye dereva. Anaweza kuwa na kampuni, na juu yake kampuni nyingine, na juu yake amana, yaani mali inayoshikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwingine, na bado mkono ulioiacha reli icheze ni wake.

Je, akimwajiri msimamizi? Inasaidia, na zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu hapo kunakuwa na mtu mwingine anayepokea ule ujumbe, mwenye bima yake mwenyewe na taratibu zake. Lakini si kila wajibu unahamishika. Zipo nchi ambazo sheria humwachia mwenye nyumba wajibu wa usalama hata akiwa ameukabidhi kwa mkataba kwa mtu mwingine. Atalipa, kisha amfuate msimamizi. Na msimamizi aliyeandika barua tatu kuomba fedha za matengenezo akanyimwa ni shahidi mzuri sana wa upande wa pili.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1972 kuhusu majengo yenye kasoro inalisema jambo hili kwa namna ninayoipenda: mwenye nyumba aliye na wajibu wa kutengeneza anawajibika kwa kasoro aliyoijua, au aliyopaswa kuijua. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo nzito. Wapo wanaodhani kutojua ni ulinzi, kwa hiyo hawatembelei nyumba, hawajibu ujumbe kwa maandishi, na hawaulizi. Wanajidanganya. Asiyekagua hatapata sifa ya kutojua. Atapata sifa ya mtu ambaye angejua kama angetazama.

Mfano mchungu ni Berkeley, California, Juni 2015. Roshani ya ghorofa ya wapangaji ilikatika usiku, vijana waliokuwa kwenye sherehe wakaanguka, sita wakafa na saba wakajeruhiwa. Mbao zilizoishikilia roshani zilikuwa zimeoza kwa ndani kutokana na maji yaliyopenya, na jengo lenyewe lilikuwa halina hata miaka kumi. Miaka mitatu baadaye jimbo hilo likatunga sheria inayotaka roshani na ngazi za nje zinazobebwa na mbao, kwenye majengo yenye makazi matatu au zaidi ya kupangisha, zikaguliwe kila baada ya miaka sita, na mkaguzi haruhusiwi kutazama rangi ya juu tu, lazima achunguze na kilichofichika. Ukisoma sheria ya aina hiyo kama mwenye mali, usiione kuwa ni usumbufu wa serikali. Ni orodha, imeandikwa na watu waliokwisha kuona miili, ya mahali nyumba inapoua: roshani, ngazi, gesi, nyaya, maji ya moto, mabwawa ya kuogelea. Uingereza hutaka vifaa vya gesi kwenye nyumba za kupangisha vikaguliwe kila miezi 12. Mwenye nyumba ambaye sheria ya kwao haimlazimishi anaweza kuchukua kipimo hicho bure.

Kuna ukweli mwingine mdogo ambao hausemwi: kumbukumbu za matengenezo zina thamani karibu sawa na matengenezo yenyewe. Tarehe mpangaji aliporipoti, tarehe fundi alipokwenda, picha kabla na baada, risiti. Madai ya uzembe hugombaniwa juu ya nani alijua nini na lini, na mwenye daftari huingia kwenye mgogoro huo akiwa na majibu. Mwenye nyumba wetu ana daftari moja tu, nalo liko kwenye simu ya mpangaji.

Niseme haraka juu ya kifungu kile cha mkataba kinachosema mwenye nyumba hatawajibika kwa ajali yoyote. Kiandike ukipenda. California imekifuta kwa sheria katika mikataba ya makazi, na hata pasipo na sheria ya namna hiyo majaji hawakipendi. Tena mgeni wa mpangaji, yule aliyevunjika nyonga, hakusaini chochote.

Sasa bima, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha zilipo.

Bima ya dhima ya mwenye nyumba hufanya kazi mbili, na watu hukumbuka moja. Hulipa fidia mpaka kiwango kilichoandikwa. Lakini pia, katika hati nyingi, kampuni ya bima inachukua jukumu la kukutetea: inamteua wakili, inamlipa, inawalipa wataalamu wa kupima nguvu ya misumari na kusoma picha za mifupa. Kesi ya kuumia mwili inaweza kuchukua miaka, na mwenye nyumba asiye na bima anaweza kuishinda na bado akauza kitu ili amlipe wakili aliyemshindia. Kampuni uliyoisajili haikupi wakili. Nikilazimishwa kuchagua kati ya usajili na bima nzuri, sitafikiri mara mbili.

Bima ya nyumba unayoishi si bima ya nyumba unayopangisha. Mtu akihama akampangisha mwingine bila kuijulisha kampuni ya bima, anaweza kuwa analipa kila mwaka kwa kitu ambacho siku ya ajali kitakataa kumtambua. Vivyo hivyo nyumba iliyokaa tupu: hati nyingi hupunguza au hufuta baadhi ya kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60 mfululizo, na mwenye nyumba anayetafuta mpangaji kwa miezi mitatu huku mabomba yakivuja hajui kwamba yuko peke yake. Kupangisha kwa usiku mmoja mmoja kwa wasafiri ni jambo jingine tena, na hati ya kawaida ya mwenye nyumba huwa haikuandikiwa hilo. Halafu kuna muda wa kutoa taarifa. Mgeni ameanguka, ameondoka akichechemea, hajasema atashtaki, na mwenye nyumba ananyamaza akiogopa malipo ya bima yasipande. Miezi kumi baadaye anapopeleka hati ya madai, anaulizwa kwa nini hakuripoti wakati ushahidi ulikuwa bado moto.

Kiwango nacho. Bima ya chini kabisa inatosha kumridhisha mkopeshaji, haitoshi kumlipa mtu asiyeweza kufanya kazi tena. Ndiyo maana kuna bima ya nyongeza, ile inayoitwa mwavuli, inayoanzia pale bima ya kwanza inapokoma. Mwavuli huuzwa kwa bei ndogo ukilinganisha na ukubwa wa kiwango chake, kwa sababu madai mengi huishia chini bila kuufikia. Kwa mwenye mali inayostahili kulindwa, sijui ununuzi mwingine wa kujikinga wenye uwiano huo.

Nimeahidi kurudi kwenye usajili, na narudi nikianza na kosa moja ambalo lingechekesha kama lisingekuwa ghali. Mtu anakwenda kwa wakili, nyumba inahamishwa kutoka jina lake kwenda jina la kampuni, anarudi nyumbani amefurahi. Hati ya bima bado ina jina lake. Sasa mwenye bima hana nyumba, na mwenye nyumba hana bima. Ajali ikitokea kesho yake, kampuni ya bima ina haki ya kuuliza mteja wake ana maslahi gani katika jengo ambalo si lake. Mtu amejikinga mpaka akajivua.

Benki nayo ina la kusema. Mikopo mingi ya nyumba ina kifungu kinachompa mkopeshaji haki ya kudai deni lote mara moja mali ikibadilisha mmiliki. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1982, inayojulikana kama Garn-St Germain, iliorodhesha uhamisho ambao benki haiwezi kuutumia kudai hivyo kwa nyumba ndogo za makazi, ukiwemo ule wa kuipeleka mali kwenye amana ambayo mkopaji mwenyewe anabaki mnufaika wake. Kampuni haimo katika orodha hiyo. Wengi wamehamisha na benki haikusema kitu, ni kweli, kwa sababu mkopo unalipwa. Lakini kunyamaza kwa benki si ruhusa. Na pale kampuni inapokopa yenyewe, benki kwa kawaida humtaka mwenye hisa atie saini ya udhamini binafsi. Akishasaini, kwa deni hilo ni kama kampuni haikuwahi kuwepo. Deni kubwa kuliko yote aliyonayo mwenye nyumba limekwisha toka nje ya ngome kabla ngome haijakauka saruji.

Tuseme basi usajili umefanyika sawasawa, bima imebadilishwa jina, benki imekubali. Kinachofuata ni nidhamu ya kila siku, na hapo wengi huchoka. Mahakama huondoa pazia la kampuni, yaani humfuata mwenye hisa aliye nyuma yake, kwa sababu zinazotofautiana nchi na nchi, ila dalili zinazotafutwa zinafanana: kodi inaingia kwenye akaunti ya mwenye nyumba, karo ya mtoto inatoka kwenye akaunti ya kampuni, mkataba wa pango umesainiwa kwa jina la mtu bila kutaja kampuni, hakuna kumbukumbu hata moja ya mkutano, na kampuni haijawahi kuwa na fedha wala bima ya kukabili biashara inayoifanya. Wahenga waliposema mali bila daftari huisha bila habari hawakuwa wanafikiria wanahisa, lakini jaji anayesoma taarifa za benki za kampuni ya namna hiyo atawaelewa. Mtu ambaye hakuiheshimu kampuni yake hawezi kuwadai wengine waiheshimu.

Uingereza imetoa mfano wa nyumba hasa. Katika kesi ya Prest dhidi ya Petrodel, iliyoamuliwa mwaka 2013, nyumba saba zilizobishaniwa katika talaka zilikuwa kwenye majina ya kampuni za mume. Mahakama ya juu ilikataa kuliondoa pazia, ikisema hilo ni jambo la nadra mno. Kisha ikafika kule kule kwa njia nyingine: kampuni hazikueleza zilizipataje nyumba zile, na ushahidi ulielekea kwamba fedha zilitoka kwa mume na kampuni zilimshikia tu. Kwa hiyo nyumba zilikuwa zake tangu mwanzo, na mke akapewa. Somo lake kwa mwenye nyumba wa kawaida ni la karatasi ndogo ndogo: kampuni imelipa nini kwa nyumba hii, na risiti iko wapi?

Pia kampuni ina milango miwili. Ule wa kwanza huzuia madai yatokanayo na nyumba yasimfikie mwenye hisa. Ule wa pili unahusu mwelekeo wa nyuma: mwenye hisa ana madeni yake mengine, amegonga mtu kwa gari lake, je, mdai wake anaweza kuingia kwenye kampuni na kuchukua nyumba? Majimbo mengi ya Marekani humpa mdai huyo amri ya kupokea gawio tu, likitolewa. Sababu yake ni ya haki: wenye hisa wengine hawakumkosea, wasiletewe mgeni katika biashara yao. Lakini kama hakuna wengine, sababu hiyo inayeyuka. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Florida ilisema wazi kwamba mwenye hisa akiwa peke yake, mahakama inaweza kumwamuru akabidhi haki zake zote katika kampuni. Majimbo mengine yameandika sheria tofauti. Mwenye kampuni ya peke yake asinunue mlango wa pili kabla ya kuuliza kama kwao unafunga.

Kuhusu kila nyumba na kampuni yake, nakubaliana na hesabu yake na kutilia shaka utekelezaji wake. Ni kweli, moto ukiteketeza nyumba moja, nyumba nne zilizo kwenye kampuni nyingine haziguswi na madai ya ile ya kwanza. Lakini kampuni tano ni akaunti tano, hesabu tano, bima tano, marejesho matano ya kodi ya serikali. Katika jimbo la California kila moja hudaiwa kodi ya serikali isiyopungua dola 800 kwa mwaka hata isipoingiza senti. Jimbo la Delaware lilijaribu kulitatua hili mwaka 1996 kwa kuruhusu kampuni moja yenye vyumba ndani yake, kila chumba na mali na madeni yake. Ni wazo zuri, lakini si kila jimbo lina sheria ya namna hiyo, na mwenye nyumba za majimbo mawili anaingia kwenye maswali. Nilivyoona mimi, wenye kampuni tano ndio huwa wa kwanza kulipia bomba la nyumba ya tatu kwa fedha za nyumba ya pili, maana fundi yuko mlangoni na akaunti sahihi haina kitu. Wakishafanya hivyo mara ishirini, wamebaki na kampuni moja yenye majina matano.

Wengi wanaokuja kuuliza juu ya haya yote huuliza wakiwa wamechelewa. Mgeni amekwisha kuanguka, barua ya wakili imefika, na swali ni kama nyumba inaweza kuandikwa jina la mke, la mtoto, au la kampuni itakayosajiliwa wiki hii. Jibu lina umri wa zaidi ya miaka 450. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1571, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilibatilisha uhamisho wa mali unaofanywa kwa nia ya kuwakwepa wadai, na sheria za nchi nyingi leo zimetokana nayo. Kesi yake maarufu ilisikilizwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mtu aitwaye Pierce alikuwa na deni la pauni 400 kwa Twyne, na pauni 200 kwa mwingine. Huyu wa pili alipofungua kesi, Pierce akamwandikia Twyne hati ya siri ya kumpa mali zake zote, zenye thamani ya pauni 300. Kisha akaendelea kukaa nazo. Aliuza baadhi, aliwanyoa manyoya kondoo, na akawatia alama yake mwenyewe.

Mahakama iliona dalili nyingi za udanganyifu, na ninayoipenda zaidi ni hii: hati ilitamka kwamba imefanywa kwa uaminifu, kwa kweli na kwa nia njema. Majaji wakasema maneno yasiyo ya kawaida hualika shaka. Nani huandika kwenye hati ya kawaida kwamba haibi? Mwenye nyumba anayeuza jengo kwa shemeji yake kwa bei ya bure wiki mbili baada ya ajali, kisha akaendelea kupokea kodi, ananyoa kondoo wale wale. Na hasara yake si kwamba uhamisho unabatilishwa tu. Kuanzia hapo hakuna neno lake ambalo jaji ataliamini, hata yale ya kweli kuhusu reli.

Ni nani basi nitakayemwambia asajili kampuni bila kusita? Si yule wa nyumba moja yenye mkopo mkubwa, anayekaa jirani na kutengeneza bomba mwenyewe. Kwa huyu, sehemu ya nyumba iliyo yake ukiondoa mkopo ni ndogo, mdai hana cha kugombania zaidi ya bima, na makosa mengi yatakuwa yake binafsi. Fedha ya usajili aipeleke kwenye nyaya na kwenye mwavuli.

Nitamwambia yule anayemiliki na wengine. Watu wanne wamerithi nyumba, mmoja anaisimamia, watatu wanaishi mbali na kupokea sehemu yao ya kodi. Majina yao yote manne yakiwa kwenye hati miliki, wote wanne ni wenye nyumba mbele ya aliyeumia, hata yule ambaye hajaiona nyumba tangu mazishi. Tena mmoja wao akifilisika, wadai wake wanakuja kudai kipande cha jengo, na pengine jengo lote liuzwe ili kipande kipatikane. Kampuni hapa inafanya ile kazi ambayo sheria ya 1855 iliikusudia: inamkinga aliyeweka fedha bila kushika usukani. Atapoteza hisa zake ikibidi, haitafuatwa nyumba anayolala.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule bwana wa reli. Bima yake, kwa bahati, ilikuwa na jina la kampuni, na ilitaja wakurugenzi pia, kwa hiyo wakili aliyepangiwa anawatetea wadaiwa wote wawili. Kiwango huenda kikatosha, huenda kisitoshe. Kikipungua, linalobaki litamfuata yeye. Ujumbe wa "Sawa, nitamtuma fundi" umeambatishwa kwenye madai kama kielelezo cha kwanza. Dada yake, mwenye hisa 20 kati ya 100, hakutajwa popote. Alipopigiwa simu kuelezwa, aliuliza reli hiyo ilikuwa ya mbao au ya chuma.